Karo, Ada na Bumu: Kulinganisha Matumizi ya Serikali za Kenya na Tanzania katika Elimu ya Juu

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kulinganisha namna serikali za Kenya na Tanzania zinavyotumia fedha za umma katika elimu ya juu. Yamkini msomaji atauliza mapema: mwanafunzi wa Kiswahili ana nini na bajeti? Si afadhali kazi hiyo iachiwe wenzetu wa biashara na uhasibu walioko Lower Kabete?

Tuna majibu mawili. La kwanza ni kwamba hakuna anayesoma Kiswahili katika chuo kikuu cha umma ambaye hesabu hizi hazijamgusa, awe anaishi katika mabweni ya bewa kuu ama anapanda matatu kila asubuhi kutoka Kangemi au Uthiru. La pili, ambalo ndilo lililotusukuma kushika kalamu, ni kwamba hesabu za nchi hizi mbili zimeandikwa kwa lugha mbili. Hotuba ya bajeti ya Tanzania husomwa na kuchapishwa kwa Kiswahili. Ya Kenya husomwa kwa Kiingereza. Kwa hivyo mwanafunzi aliyeketi katika Maktaba ya Jomo Kenyatta, akitaka kujua kwa Kiswahili serikali hutenga kiasi gani kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo kikuu, hulipata jibu la jirani kabla ya kulipata la nyumbani.

Kwa bahati nzuri nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimezoea kusoma bajeti zao siku moja katika mwezi wa Juni. Mnamo tarehe 12 Juni 2025, John Mbadi alisoma yake Nairobi na Mwigulu Nchemba akasoma yake Dodoma. Anayelinganisha hana haja ya kukisia msimu, maana miaka ya fedha ya nchi zote mbili huanza Julai mosi. Ugumu uko kwingineko, na sehemu kubwa ya makala haya inahusu ugumu huo.

Mfuko Mmoja

Kabla ya kuwapo mifuko miwili ulikuwapo mmoja. Tarehe 28 Juni 1963 kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye vyuo vishiriki vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi kilikuwa kimeanza kama Chuo cha Ufundi cha Kifalme, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, na ambamo jamii ya Wahindi ilikuwa imechangia fedha zake kupitia chama cha kumbukumbu ya Gandhi. (Sanamu ya Gandhi iliyoko bewa kuu si pambo tu, ni stakabadhi.) Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwa wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kisha kikahamia Mlimani.

Ugavi wa kazi ulikuwa wazi. Aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, aliyetaka utabibu alikwenda Makerere, na aliyetaka uhandisi, usanifu wa majengo au udaktari wa mifugo alikuja Nairobi. Kitivo cha udaktari wa mifugo kule Kabete kilihudumia nchi zote tatu. Fani ghali haikujengwa mara tatu. Lakini kila serikali huru ilitaka madaktari wake wafundishwe kwake, na mpango huo haukudumu. Nairobi ilianzisha utabibu mwaka 1967 na sheria mwaka 1970, mwaka ambao Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjika na vyuo vikuu vitatu vya kitaifa vikazaliwa. Dar es Salaam nayo ikaanzisha uhandisi mwaka 1973. Tangu hapo kila nchi imelipia peke yake vitu ambavyo awali zilivilipia pamoja.

Mwelekeo pia ulitofautiana. Mnamo Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere aliwarudisha nyumbani wapatao mia nne, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hoja iliyokuwa nyuma ya hatua hiyo ni kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu amelipiwa na mkulima asiyekuwa na chochote, hivyo anadaiwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliendeleza fikra hiyo kwa kumtaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuoni. Huku Kenya deni lilichukua sura ya kihasibu zaidi: mwaka huohuo wa 1974 ulianzishwa mpango wa mikopo kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Ni sadfa ya kupendeza kwamba mwaka mmoja ulizaa majibu mawili kwa swali moja. Mmoja alidai jasho, mwingine akadai shilingi.

Kuchangia Gharama

Miaka ya themanini ilipokwisha, nchi zote mbili zilikuwa chini ya masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, na majibu yao yakaanza kufanana. Kenya ilianza kutoza karo ya moja kwa moja mwaka wa masomo wa 1991/92 na kuiondoa posho ambayo wanafunzi waliiita bumu. Tanzania ilianza uchangiaji wa gharama kwa awamu kuanzia mwaka 1992. Bodi za mikopo zikafuata: HELB ya Kenya ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania, HESLB, ikaundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005.

Kenya iliweka mwaka 1995 kipimo ambacho kiliishi kuliko kilivyostahili. Gharama ya kumfundisha mwanafunzi mmoja kwa mwaka ilikadiriwa kuwa shilingi 120,000, na serikali ikakubali kulipa 70,000 kati ya hizo. Kiwango hicho hakikutofautisha mwanafunzi wa fasihi na wa upasuaji, wala hakikupanda bei ya mkate ilipopanda. Vyuo vikuu vilijiokoa kwa kuuza nafasi. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha Moduli ya Pili, yaani wanafunzi waliojilipia karo kamili, na kwa miaka kumi na minane hivi pengo la bajeti ya serikali lilizibwa na wazazi wa jioni na Jumamosi.

Mambo mawili yaliufunga mfereji huo. Udhibiti wa mitihani ya KCSE wa mwaka 2016 ulipunguza waliopata alama ya C+ na zaidi hadi 88,929, na mwaka uliofuata hadi 70,073. Kwa kuwa serikali iliweza sasa kumpa nafasi kila aliyefuzu, na hata kuwapeleka baadhi yao katika vyuo vikuu vya binafsi kwa fedha za umma, hakubaki mtu wa kununua nafasi. Wakati huohuo idadi ya vyuo vikuu vya umma ilikuwa imepanda kutoka saba hadi ishirini na viwili kufikia mwaka 2013. Serikali ilibadili kipimo na kuahidi kulipa asilimia 80 ya gharama halisi ya kila kozi, lakini kiasi kilichotoka kilishuka mwaka baada ya mwaka hadi chini ya nusu. Madeni ya vyuo hivyo yakapita shilingi bilioni 60. Wahadhiri wetu hawahitaji kusimuliwa sehemu hii. Mgomo wa mwaka 2025 uliodumu wiki saba ulihusu mapunjo ya mkataba wa 2017 hadi 2021.

Tanzania haikupitia njia hiyo hasa. Vyuo vyake vikuu vya umma vilibaki vichache kwa muda mrefu, mishahara ya wahadhiri wake hulipwa moja kwa moja na serikali, na ada imebaki ndogo. Mlolongo wa Kidato cha Tano na cha Sita pia hupunguza wanaofika mlangoni. Upanuzi mkubwa ulikuja kwa kishindo kimoja, Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007.

Vipimo Vitatu, Majibu Matatu

Tuje sasa kwenye hesabu zenyewe. Tumechagua mwaka wa fedha wa 2025/26 na tumechagua kitu kimoja kinacholinganika vizuri, nacho ni fedha za bodi za mikopo. Tanzania iliitengea HESLB shilingi za Tanzania bilioni 916.7. Kenya iliitengea HELB shilingi za Kenya bilioni 41.5, na kando yake bilioni 16.9 kwa ajili ya ruzuku za masomo ya vyuo vikuu ambazo mwanafunzi harudishi.

Kipimo cha kwanza ni kiasi chenyewe. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na takriban shilingi 20 za Tanzania, hivyo fedha za HESLB ni kama bilioni 45.8 za Kenya. Tanzania inaongoza kwa mikopo. Kenya inaongoza ukijumlisha ruzuku, maana jumla yake ni bilioni 58.4.

Kipimo cha pili ni uzito wa fedha hizo katika bajeti nzima. Bajeti ya Tanzania ilikuwa shilingi trilioni 56.49, na ya Kenya trilioni 4.29. Mikopo ya Tanzania ni asilimia 1.6 ya bajeti yake. Ya Kenya haifiki asilimia moja, na hata ukiongeza ruzuku hufika 1.4 tu. Kwa kipimo hiki Tanzania inaongoza waziwazi. Serikali yenye kikapu kidogo imetoa humo kipande kikubwa zaidi.

Kipimo cha tatu ni idadi ya watu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 61.7. Mikopo ya Kenya ni shilingi 872 kwa kila mkazi. Ya Tanzania ni kama shilingi 743 za Kenya. Ukijumlisha ruzuku, Kenya hufika 1,227. Hapa Kenya inaongoza bila shaka.

Msomaji anaona basi kwamba mtu anayetaka kuisifu serikali ya Kenya atachagua kipimo cha tatu, na anayetaka kuikosoa atachagua cha pili, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Katika mijadala tuliyoisikia kwenye kumbi za bewa kuu, na hata kwenye migahawa ya Kikuyu ambako wanafunzi wa ualimu hukutana, takwimu hutajwa bila kipimo chake. “Tanzania wanatushinda,” husema mmoja. “Wanatushinda kwa lipi?” ndilo swali linalofaa kufuata.

Kuna mtego mwingine ambao ni nadra kutajwa. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliondoa Kidato cha Tano na cha Sita na kuongeza mwaka mmoja chuoni. Shahada ya sanaa Nairobi imekuwa ya miaka minne. Dar es Salaam ni ya miaka mitatu. Maana yake ni kwamba sehemu ya mafunzo ambayo Tanzania huyalipia katika fungu la elimu ya sekondari, Kenya imekuwa ikiyalipia katika fungu la chuo kikuu. Mtu akilinganisha mafungu hayo mawili kwa majina yake pekee, atakuwa anapima pishi mbili zisizo na ujazo mmoja. Mtaala wa umilisi, unaokusudia shahada ya miaka mitatu, utakapofika chuoni utaipunguza tofauti hiyo, na huenda siku hiyo mtu akadai kwamba Kenya imepunguza matumizi yake ilhali imeyahamisha tu.

Mkopo na Ruzuku

Tumesema kwamba fedha za bodi za mikopo zinalinganika vizuri. Hata hivyo yafaa kuuliza kama mkopo ni matumizi. Serikali inayotoa ruzuku imetumia; inayokopesha imeazima. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa yaliyotokea Kenya baada ya mwaka 2022.

Katika mwaka wa fedha wa 2022/23 HELB ilitengewa shilingi bilioni 15.8. Katika 2023/24 ikatengewa bilioni 30.3, kisha 35.9, kisha 41.5. Anayeitazama safu hii peke yake atadhani serikali imefungua mkono mara mbili na nusu kwa miaka mitatu. Sivyo. Tarehe 3 Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya ambao fedha hazitolewi tena kwa chuo kama kapitesheni kwa kila kichwa, bali humfuata mwanafunzi kwa njia ya ruzuku ya masomo, mkopo, na mchango wa familia. Kitu kilichokuwa ruzuku kwa chuo kimegeuka, kwa sehemu, kuwa deni la mwanafunzi. Fedha zimehama kutoka safu moja ya daftari hadi nyingine, na zilipohama zikabadili tabia.

Tanzania ina fumbo lake pia. Fedha za mikopo ya wanafunzi huandikwa katika Fungu 46, la Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, chini ya matumizi ya maendeleo. Wakosoaji wa bajeti hiyo wamelalamika kwa miaka mingi kwamba chakula na malazi ya mwanafunzi vinahesabiwa pamoja na madarasa na maabara, na hivyo bajeti ya maendeleo huonekana nene kuliko ilivyo. Majengo halisi ya miaka hii yametokana kwa sehemu kubwa na mradi unaogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ulioidhinishwa mwaka 2021. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mlimani huishi kwa mkopo wake na kusoma katika jengo la mkopo wa serikali.

Namna ya kulipa nayo ni sehemu ya ulinganishi. HELB hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. HESLB ilikuwa ikitoza asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha na adhabu ya asilimia 10. Zote mbili ziliondolewa mwaka 2021 baada ya agizo la Rais Samia Suluhu Hassan. Lakini tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika wa Tanzania aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, ilhali awali alikatwa 8. Mwalimu mpya wa Kiswahili katika nchi zote mbili huanza kazi akiwa na mkono mmoja umeshikwa. Wa Kenya hushikwa kwa riba, wa Tanzania kwa makato. Kwa maoni yetu makato ni mazito lakini ni ya haki zaidi, kwa kuwa asiye na mshahara hakatwi, ilhali faini ya kila mwezi haimuulizi mtu kama amepata kazi.

Msamiati wa Fedha

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapokuwa na la kusema ambalo mhasibu hatalisema. Kenya husema karo, Tanzania ada. Tofauti hiyo ni ya kilahaja tu na haina madhara. Bumu imevuka mpaka: Nairobi ilizikwa pamoja na posho yenyewe mwaka 1991, na Dar es Salaam bado huingia na kutoka. Nairobi nafasi yake ilichukuliwa na jina la bodi lenyewe, hivi kwamba HELB imekuwa nomino ya kawaida. “HELB imeingia” haimaanishi kwamba ofisi zilizoko Anniversary Towers zimehama. Inamaanisha kwamba deni la mlo limeweza kulipwa.

Neno linalotushughulisha zaidi ni ufadhili. Magazeti na idhaa za Kenya huuita mpango wa mwaka 2023 “mfumo mpya wa ufadhili wa masomo ya vyuo vikuu.” Mzizi wa neno hili ni fadhila, yaani hisani, jambo analotendewa mtu pasipo kulidai. Aliyefadhiliwa hushukuru. Ilhali Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 huitaja elimu kama haki, na fedha zinazozungumziwa ni kodi ya mzazi wa mwanafunzi huyohuyo. Tanzania hutumia pia neno ugharimiaji, kutoka kugharimia. Ni neno gumu kidogo mdomoni, lakini halimpi mtoaji utukufu wowote. Linasema tu nani amebeba gharama. Tunapendekeza wanahabari na wafasiri wetu walitumie.

Tanzania nayo haijaepuka mitego ya lugha. HESLB humwita anayekopeshwa mnufaika. Akihitimu na kuchelewa kulipa, jina hubadilika na kuwa mdaiwa sugu. Mtu ni yuleyule na fedha ni zilezile. Ni kitenzi kilichogeuka, kutoka kunufaika hadi kudaiwa. Kama angeitwa mkopaji tangu siku ya kwanza, pengine angeisoma fomu yake kwa makini zaidi kabla ya kuitia sahihi.

Hata istilahi za kimsingi Kenya imezipata kwa uchache. Katika hotuba za Dodoma mtu hukutana na matumizi ya kawaida, matumizi ya maendeleo, fungu, mapato ya ndani, marejesho, bakaa. Maneno haya yamekomaa kwa kutumiwa bungeni kwa miongo mingi. Mwanafunzi wa tafsiri pale Nairobi akipewa ukurasa mmoja wa makadirio ya Wizara ya Fedha ya Kenya, atalazimika kuazima nusu ya istilahi zake kutoka ng’ambo ya Namanga. Ibara ya 7 ya Katiba yetu hukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na Ibara ya 201 hudai uwazi na ushirikishwaji wa wananchi katika masuala ya fedha za umma. Ni vigumu kuona jinsi ibara hizi mbili zitakavyokutana ikiwa mzazi wa Kangemi hawezi kuisoma hesabu inayomhusu.

Madaraja Matano

Hesabu hiyo ilimfikia mzazi kwa njia ya madaraja. Chini ya mfumo wa mwaka 2023, mwanafunzi hupangwa katika daraja kulingana na uwezo wa familia yake. Wa daraja la kwanza hupewa ruzuku ya asilimia 70 ya karo na mkopo wa asilimia 25, na familia hulipa 5. Wa daraja la tano hupewa ruzuku ya asilimia 30 na mkopo wa 30, na familia hulipa 40. Kwa karatasi, mpango huu una haki kuliko ule wa zamani uliompa mtoto wa tajiri na wa maskini 70,000 zilezile, na hatuoni aibu kulisema hilo. Tanzania hufanya upembuzi wa namna hiyo pia, ambapo mkopo wa mhitaji mmoja hutofautiana na wa mwingine.

Tatizo lilikuwa katika upimaji. Wanafunzi wengi walilalamika kwamba walipangwa katika daraja la wenye nacho ilhali hawana, na maandamano yakafuata. Mwaka 2024 Rais aliunda kamati ya kuutathmini mfumo huo. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo huo ulikiuka Katiba, na serikali ikakata rufaa. Katikati ya mivutano hiyo, waliofuzu KCSE ya mwaka 2024 kwa C+ na zaidi walikuwa 246,391, mara tatu na nusu ya wale wa 2017.

Je, Kiswahili kinakaa wapi katika haya yote? Kozi za sanaa ndizo za bei ya chini katika mfumo wa Kenya, na kwa hivyo ndizo zinazoletea idara fedha kidogo zaidi kwa kila kichwa. Tanzania nayo, katika miongozo ya mikopo, hutanguliza utabibu, uhandisi na ualimu wa sayansi na hisabati. Na ule mpango wa ruzuku kamili ulioanza mwaka 2022/23 kwa jina la Rais Samia ni wa waliofaulu masomo ya sayansi. Kwa hili nchi hizi mbili ni pacha.

Lakini kuna tofauti moja ambayo haimo katika bajeti yoyote ya Juni. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili ilikuwa na makao yake hapa Nairobi kuanzia mwaka 1942 hadi 1952. Ikahamia Makerere, kisha Mombasa, kisha Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 iligeuka kuwa chuo cha uchunguzi wa lugha na mwaka 1970 ikaingia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa jina la TUKI. Mwaka 2009 ikaungana na Idara ya Kiswahili na kuwa TATAKI. Mishahara ya wanaleksikografia wake, makabati ya vidahizo, safari za kukusanya maneno: vyote viligharimiwa na fungu la elimu ya juu la Tanzania. Zao lake mojawapo lilikuwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981.

Kenya haikuwa na fungu kama hilo. Kamusi zetu zimetoka kwa wachapishaji wa binafsi, kama ile ya Karne ya 21 iliyotolewa na Longhorn mwaka 2011, na Baraza la Kiswahili, ambalo Tanzania ilikuwa nalo kwa jina la BAKITA tangu mwaka 1967, Baraza la Mawaziri la Kenya liliidhinisha kuundwa kwake mwaka 2018. Ndiyo maana, tunapojumlisha matumizi ya serikali kwa mwanafunzi wa Kiswahili wa bewa kuu au wa Kikuyu, kuna kiasi ambacho hakiwezi kuandikwa upande wa Kenya. Kamusi iliyo mezani pake, ambayo kurasa zake zimelegea kwa kufunuliwa na vizazi vya watangulizi wake, ililipiwa na mkulima wa pamba wa Shinyanga.